MacPherson: Mtu Aliyegeuka Jina la Chuma

Nilikwenda Kisii kumtazama mpwa wangu anayeuza nguo katika soko la Daraja Mbili. Kijana huyu ni mzaliwa wa Mombasa, lakini milima ile sasa ndiyo kwao. Alinipokea kwa gari lake, Toyota Corolla, akanionyesha jambo ambalo sikupata kuliona. Alibonyeza kidude ndani, gari likashusha pumzi kama ngamia anayepiga magoti, likalala karibu na lami. Akabonyeza tena, likainuka. Watoto wa mtaa walipiga makofi. Nami, nisifiche, nilipiga pamoja nao.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, tulishika njia ya Nyamira. Mvua ya huko haina miadi. Ilitukuta kwenye kona za mlimani. Tulipopanda tuta moja nilisikia mlio kama wa nguo inayoraruka, kisha kishindo. Upande wa mbele kushoto uliangukia tairi, na usukani ukamvuta kijana kuelekea mtaroni. Alhamdulillahi, tulikuwa tukienda polepole. Nyuma walikuwa wamekaa wanawe wawili.

Fundi mzee aliyekuja kutusaidia aliingiza kichwa chini ya madigadi, akaguna, akataja neno moja: MacPherson. Neno hilo nimelisikia katika gereji tangu utotoni, nikidhani ni jina la chuma. Kumbe ni la mtu. Niliporudi nyumbani nilimtafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Earle Steele MacPherson alizaliwa mwaka 1891 huko Highland Park, katika jimbo la Illinois, Marekani. Alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, akahitimu mwaka 1915, kisha akaenda Detroit kufanya kazi katika kampuni ya magari ya Chalmers. Vita Vikuu vya Kwanza vilimpeleka Ulaya, akashughulika na injini za ndege. Aliporudi alifanya kazi Liberty, halafu Hupp, na mwaka 1934 akaingia General Motors. Hakuwa mtu wa kupanda ngazi kwa kuruka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu ndipo alipopewa kazi iliyomjengea jina.

Vita vya Pili vilipokwisha, mwaka 1945, alikabidhiwa kubuni gari dogo la Chevrolet, likaitwa Cadet. Wakubwa walitaka liuzwe kwa bei isiyofika dola 1,000. Hapo ndipo alipofikiri upya namna ya kulibeba gurudumu. Magari mengi ya siku zile yalitumia eksili nzima au mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini. Yeye aliuondoa mkono wa juu. Akaiunganisha springi na shokomzoba katika nguzo moja iliyosimama wima, chini imeshikwa na mkono mmoja, juu imefungwa kwenye bodi yenyewe. Sisi watu wa pwani tunalielewa jambo hili upesi: ni kama mlingoti wa jahazi, uliosimikwa chini na kushikwa juu, na chombo kizima kikibeba nguvu yake. Wazo hili halikuzuka hewani. Guido Fornaca wa Fiat alikwisha kuligusa katika miaka ya 1920. Lakini MacPherson ndiye aliyelifanya liwe jepesi na rahisi kutengenezwa kwa wingi.

Wahasibu walipopiga hesabu, waliona bei ile haiwezekani. Mwaka 1947 Cadet ikaachwa kabla ya kuuzwa hata moja. Mwenziwe angevunjika moyo. MacPherson alihamia Ford na wazo lake. Likaonekana kwenye Ford Vedette ya Ufaransa, kisha kwenye Consul na Zephyr za Uingereza mwaka 1950. Mwaka 1952 akawa makamu wa rais wa Ford upande wa uhandisi. Alistaafu mwaka 1958, akafariki mwaka 1960.

Barabara zetu za Afrika Mashariki ziliijaribu kazi yake. Mashindano ya Safari ya mwaka 1955 yalishindwa na Zephyr ya Vic Preston na D.P. Marwaha. Mwaka 1972 Hannu Mikkola alishinda kwa Ford Escort, na mwaka 1973 Shekhar Mehta kwa Datsun 240Z. Magari yote hayo yalisimama mbele kwa nguzo za namna ile, na yalipita kwenye matope na mawe kwa sababu nguzo iliachiwa nafasi ya kupanda na kushuka.

Nafasi hiyo ndiyo aliyoila mpwa wangu. Mwaka ule ule MacPherson aliostaafu, sheria ya California ilianza kukataza gari lililorekebishwa lisiwe na sehemu iliyo chini kuliko ukingo wa rimu zake. Kijana mmoja huko, Ron Aguirre, akatia pampu za haidroli kwenye Corvette yake: akiegesha hulishusha, akiona polisi huliinua. Corvette ile haikuwa na nguzo za MacPherson, lakini mtindo ukaenea, na baadaye vikaja vibofu vya mpira vinavyojazwa hewa kwa kompresa na kuwekwa mahali pa springi.

Fundi alitueleza taratibu. Gari la nguzo likishushwa mno, mkono wa chini huelekea juu, nguzo hubakiwa na mwendo mfupi, na tairi haliegemei sawasawa kwenye kona. Wala gari halitulii zaidi, kama wengi wanavyodhani. Mara nyingi hulala upande zaidi kuliko kabla. Nacho kibofu kisipopimiwa nafasi yake husugua bodi kidogo kidogo mpaka kitoboke. Kushusha si kosa kwa anayesimama ili atazamwe. Kosa ni kwenda hivyo milimani.

Usiku ule mpwa wangu alinifichulia kwamba vibofu vile alivinunua kwa mtaji wa marobota mawili ya nguo. Hakuniomba kitu. Kabla sijaondoka Kisii springi za kawaida zilirudishwa, nami nililipa nusu ya gharama, maana yale makofi ya siku ya kwanza nami niliyapiga.