Apolo wa Boga, mtu aliyejifunza kuvumilia



Mara nyingi tunapolisikia neno uvumilivu, moyo unachoka. Sisi watu wa Bunia tuliambiwa tuvumilie vita vya 1999 hadi 2003, tuvumilie kukimbia na kurudi, tuvumilie njia mbovu na mshahara usiofika. Wengine kati yetu husema kwamba ni neno la kunyamazisha maskini. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya, aliyetumika Boga, kusini mwa mji wetu, katika teritwari ya Irumu. Hakuwa wa kanisa letu, alikuwa Mwanglikana. Lakini mtumishi mwema wa Mungu ni mali ya wote.

Apolo alizaliwa Singo, katika nchi ya Buganda, karibu na mwaka wa 1864. Aliitwa Waswa, maana alikuwa pacha. Msifikiri kwamba alizaliwa mpole! Katika ujana wake alivuta bangi, tena alishika silaha katika vita vya dini vilivyoigawanya Buganda. Alibatizwa mwezi wa kwanza wa 1895. Jina Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, watu walimpa kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilopenda kuvaa juu ya kanzu yake.

Mwisho wa 1896 alivuka mto Semliki, akafika Boga, iliyoitwa Mboga siku zile. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamekwisha kurudi, kwa sababu sultani Tabaro aliwakataza watu wasiwape chakula. Inasimuliwa kwamba Apolo alipopata habari hiyo njiani, alijinunulia jembe. Basi, ndugu, tusipite mahali hapa upesi. Hakungoja Tabaro ageuke moyo ndipo ale. Hakwenda pia kumtukana mlangoni pake. Alilima, akapanda, na kila siku akawafundisha kusoma wale wachache waliokubali kuja, herufi moja moja. Mwenye kufundisha watu wazima kusoma anajua kazi hiyo ilivyo.

Sultani hakupendezwa. Mafundisho ya Apolo yaligusa pombe na wingi wa wake, na hayo yalikuwa mambo ya nyumba yake mwenyewe. Apolo alipigwa vikali. Halafu likaja jambo baya kuliko fimbo. Wakati wa kujenga nyumba ya sala, dada ya Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichika kati ya matete ya kujengea, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba ameua. Alifungwa minyororo, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani kwa neno asilolitenda.

Katika siku hizo za taabu alimwona Bwana Yesu katika maono, aking'aa kama jua, akimtia nguvu. Sisi tunaoamini kwamba Mungu husema na watu wake kwa maono hatushangai. Tunachoshangaa ni kile alichofanya alipofunguliwa: alirudi Boga. Alirudi kwa Tabaro yule yule, kwa watu wale wale waliomwona akipita na minyororo. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Hatusemi kwamba mtu aliyeonewa anyamaze, wala kwamba mwizi wa shamba asipelekwe mbele ya baraza. Apolo hakuacha kusema ukweli hata mara moja. Ila hakumhesabu adui yake kuwa amekwisha kupotea.

Aliwekwa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903. Miaka mingi alitumika Toro, mbali na Boga aliyoipenda. Wakati huo Waingereza na Wabelgiji walipanga mpaka wao, na Boga ikabaki upande wa Kongo. Alirudi huko karibu na mwaka wa 1915, akiwa mtu mwenye miaka kama hamsini.

Tangu 1921 alianza kuwaendea Wambuti msituni. Walikuwa watu waliodharauliwa na majirani zao, na walipoona mgeni walijificha. Naye alikwenda, akarudi, akaenda tena, akajifunza kusema nao, akala pamoja nao, hata Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao. Hakuoa, wala hakukusanya mali.

Alikufa Boga tarehe 30 mwezi wa tano 1933. Desturi ilikuwa alazwe kichwa kikielekea mashariki, upande wa kwao Buganda. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa bado. Wakamzika hivyo.