Samuel Slater

Samuel Slater (Belper, Derbyshire, Uingereza, 9 Juni 1768 – Webster, Massachusetts, Marekani, 21 Aprili 1835) alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi, halafu mwenye viwanda. Anajulikana hasa kwa kuhamia Marekani mwaka 1789 akiwa na ujuzi ambao sheria za Uingereza zilikataza usitoke nchini, na kwa kuanzisha huko kiwanda cha kwanza kilichofanikiwa kusokota nyuzi za pamba kwa mashine zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji. Marekani alipewa jina la baba wa viwanda vya nchi hiyo. Nyumbani kwao Belper aliitwa msaliti.

Maisha ya awali

Slater alizaliwa katika familia ya wakulima yenye watoto wanane. Wakati huo bonde la mto Derwent lilikuwa kitovu cha mapinduzi ya viwanda. Mwaka 1771 Richard Arkwright alijenga Cromford kiwanda cha kusokota pamba kilichoendeshwa na maji ya mto, na mmoja wa wabia wake, Jedediah Strutt, alijenga viwanda vingine huko Belper na Milford.

Samuel alianza kazi kiwandani angali mtoto. Baba yake alifariki mwaka 1782, na muda mfupi baadaye kijana huyo akafungwa na mkataba wa uanagenzi kwa Strutt kwa miaka sita na nusu. Hakujifunza kuendesha mashine tu. Alijifunza pia kuzitengeneza, kuzirekebisha na kusimamia wafanyakazi. Alipomaliza uanagenzi wake alikuwa miongoni mwa vijana wachache walioujua mfumo mzima wa Arkwright, tangu pamba inapochanwa hadi inapokuwa uzi.

Sheria dhidi ya kuhama

Serikali ya Uingereza iliona ujuzi huo kuwa mali ya taifa. Tangu mwaka 1719 sheria ilikataza mafundi kwenda kufanya kazi ng'ambo, na wale waliowashawishi kuhama waliweza kutozwa faini na kufungwa. Sheria ya mwaka 1774 na nyingine zilizofuata zilikataza pia kusafirisha mashine za nguo, vipuri vyake na michoro yake. Abiria waliweza kupekuliwa bandarini.

Kwa upande wake Marekani, iliyokuwa imepata uhuru karibuni, ilikuwa na pamba, mito na wenye mitaji, lakini haikuwa na watu waliojua kuunda mashine hizo. Baadhi ya majimbo yalianza kutoa zawadi kwa yeyote atakayefaulu. Habari hizo ziliwafikia mafundi wa Uingereza kupitia magazeti. Slater aliona kwamba katika Derbyshire wenye viwanda walikuwa tayari wengi, na kijana asiye na mtaji asingeweza kupata nafasi kubwa.

Safari ya kwenda Marekani

Septemba 1789, akiwa na umri wa miaka 21, Slater aliondoka bila kuiambia familia yake anakokwenda. Alisafiri kwa meli kutoka London akijifanya mfanyakazi wa shambani. Hakubeba mchoro wala kipuri chochote. Maarifa yote yalikuwa kichwani mwake. Karatasi pekee yenye hatari ilikuwa hati yake ya uanagenzi, ambayo aliificha, kwa kuwa bila hiyo asingeweza kuthibitisha ufundi wake mbele ya mwajiri mpya. Barua ya kumweleza mama yake aliituma alipokuwa karibu kuondoka.

Alifika New York mwezi Novemba baada ya siku 66 baharini. Alipata kazi katika karakana moja, lakini mashine zake zilikuwa duni na hapakuwa na maji ya kutosha kuziendesha. Ndipo aliposikia habari za Moses Brown, mfanyabiashara tajiri wa Providence, Rhode Island, aliyekuwa wa madhehebu ya Quaker na aliyekuwa amenunua mashine ambazo hakuna aliyeweza kuzifanya zifanye kazi. Slater alimwandikia barua, akaitwa.

Kiwanda cha Pawtucket

Januari 1790 Slater aliwasili Pawtucket na kuona kwamba mashine zile hazifai. Aliahidi kuunda nyingine kwa mtindo wa Arkwright. Mwezi Aprili alitia saini mkataba na ndugu wa Brown, yaani kampuni ya Almy na Brown: wao watoe mtaji, yeye atoe ujuzi, na faida igawanywe nusu kwa nusu. Hivyo mhamiaji aliyefika bila mali akawa mbia.

Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu vipimo vyote ilibidi avikumbuke. Alisaidiwa na seremala Sylvanus Brown, na mhunzi Oziel Wilkinson pamoja na mwanawe David. Tarehe 20 Desemba 1790 mashine zilianza kusokota uzi. Mwaka 1793 wabia hao walihamia katika jengo jipya kando ya mto Blackstone, linaloitwa hadi leo Slater Mill.

Mwaka 1791 Slater alimwoa Hannah, binti wa Oziel Wilkinson. Hannah alibuni uzi imara wa pamba wa kushonea na kupata hataza mwaka 1793, akiwa mmoja wa wanawake wa kwanza kupewa hataza Marekani. Alifariki mwaka 1812, na mwaka 1817 Slater alimwoa mjane Esther Parkinson.

Upanuzi na lawama

Mwaka 1803 ndugu yake John alimfuata kutoka Uingereza. Pamoja walijenga kijiji cha kiwanda cha Slatersville, chenye nyumba za wafanyakazi, duka na kanisa. Familia nzima iliajiriwa, wakiwemo watoto. Utaratibu huo ulienea na kuitwa mfumo wa Rhode Island.

Wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa watoto tisa wenye umri kati ya miaka 7 na 12. Slater alilifuata tu lile alilolelewa nalo Belper. Aliwafungulia shule ya Jumapili, lakini siku nyingine walishinda kwenye mashine. Tena, baada ya mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney kupatikana mwaka 1793, viwanda hivyo vilizidi kutegemea pamba iliyolimwa na watumwa katika majimbo ya kusini. Moses Brown mwenyewe alikuwa mpinzani wa utumwa aliyewaacha huru watumwa wake.

Mwaka 1824 wenye viwanda wa Pawtucket walipunguza ujira wa wafumaji wanawake na kuongeza saa za kazi. Wanawake hao waligoma, na mgomo huo unahesabiwa kuwa wa kwanza wa viwandani nchini humo.

Kifo na urithi

Msukosuko wa fedha wa mwaka 1829 ulimlazimisha Slater kuuza hisa zake katika baadhi ya viwanda. Hata hivyo alipofariki huko Webster, mji uliokua kutokana na viwanda vyake, mali yake ilikadiriwa kuzidi dola milioni moja. Uingereza ilifuta marufuku ya mafundi kuhama mwaka 1824, na ile ya mashine mwaka 1843.

Viwanda vya New England vilivyofuata njia aliyoifungua vilifikia hata pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem walileta Zanzibar shehena za kitambaa cha pamba kutoka Massachusetts, na kitambaa hicho kikaitwa merikani, jina linalotumika katika Kiswahili hadi leo.