FLORENCE NIGHTINGALE: ALIYEWAOKOA ASKARI KWA DAFTARI

Wasomaji wetu walio katika majeshi na polisi wamezoea kusimuliwa habari za majemadari walioteka miji na kuvunja ngome. Leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakupata kushika bunduki wala kuvaa cheo begani, lakini aliyewatendea askari mema kuliko majemadari wengi wa zama zake. Huyo ni Bibi Florence Nightingale wa Uingereza.

Wengi wamjuao humkumbuka kwa taa aliyoibeba usiku akipita kati ya vitanda vya majeruhi. Taa hiyo ilikuwako, nasi hatuna nia ya kuizima. Lakini taa ilimulika mgonjwa mmoja mmoja, na kilichookoa maelfu ni kitu kingine, nacho ni daftari. Tunataka kuonyesha jinsi mtu mmoja alivyolitazama shirika kubwa lenye fedha, sheria na watu hodari, akagundua kwa nini lilikuwa likiwaua watu wake lenyewe, kisha akalilazimisha kujirekebisha. Jeshi hilo lilikuwa la dola ambayo baadaye ilitutawala, lakini elimu haina kabila, na mwenye busara huokota lulu popote aionapo.

MALEZI YAKE

Alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence, nchini Italia, wazazi wake wakiwa safarini, akapewa jina la mji huo. Jamaa zake walikuwa Waingereza wenye mali nyingi. Baba yake alimfundisha mwenyewe lugha za kigeni, historia na falsafa, naye binti akavutwa zaidi na hesabu. Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliamini kuwa Mungu amemwita kuwatumikia watu, na hatimaye akatambua kuwa utumishi huo ni kuuguza wagonjwa.

Wazazi wake walishtuka. Siku zile hospitali zilikuwa mahali pa uchafu, na kazi ya uuguzi ilihesabiwa kuwa ya watu duni. Walimzuia kwa miaka mingi. Mwaka 1851 ndipo alipokaa miezi mitatu huko Kaiserswerth, Ujerumani, akijifunza kazi hiyo. Mwezi Agosti, 1853, alikabidhiwa nyumba ndogo ya wagonjwa katika mtaa wa Harley, London. Jambo la kwanza alilolishughulikia huko lilikuwa maji na ngazi. Alidai maji ya moto yafikishwe kwa mabomba katika kila ghorofa, na kiwekwe chombo cha kuinulia chakula cha wagonjwa, maana aliona kuwa mwuguzi ashindaye akipanda na kushuka ngazi hana nafasi ya kumtazama mgonjwa. Huo ndio ulikuwa mwenendo wake tangu mwanzo: kabla ya kumlaumu mfanyakazi, alichunguza kwanza jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa.

VITA VYA CRIMEA

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki dhidi ya Urusi, na mwezi Septemba majeshi yao yakashuka katika rasi ya Crimea. Waingereza waliojeruhiwa na walioshikwa na maradhi walivushwa kwa meli katika Bahari Nyeusi mpaka Scutari, mkabala wa mji wa Constantinople, ambako Waturuki walikuwa wamewaazima kambi kubwa ya askari ili iwe hospitali. Magazeti ya London yalipotangaza mateso ya majeruhi hao, wananchi walighadhibika. Waziri aliyehusika na fedha za jeshi, Bwana Sidney Herbert, ambaye alikuwa rafiki wa Bibi Nightingale, alimwomba aende huko. Aliondoka tarehe 21 Oktoba akiwa na wauguzi 38, wakafika tarehe 4 Novemba, 1854.

Madaktari wa jeshi hawakufurahi kumwona. Walimdhania mpelelezi wa wakubwa, na hawakutaka wanawake katika wadi zao. Hapo alitenda jambo ambalo kila ofisa mgeni kituoni angefaa kulitafakari. Alikuwa na barua ya Serikali mkononi, na angeweza kuamrisha. Badala yake aliwaamuru wauguzi wake mtu asimguse mgonjwa mpaka daktari amwite. Walikaa wakishona na kupanga vitambaa huku wagonjwa wakilia vyumba vya jirani, na baadhi ya wauguzi walimnung'unikia. Baada ya siku chache majeruhi wa mapigano ya Inkerman walimiminika, madaktari wakalemewa, wakaita. Tangu saa hiyo walifanya kazi pamoja. Angaliingia kwa nguvu siku ya kwanza, angalipata utiifu wa midomo tu.

GHALA LIMEJAA, ASKARI YU UCHI

Alichokikuta Scutari kilikuwa cha kutisha. Wagonjwa walilala sakafuni, chawa wakiwatambaa, bila shati la kubadili wala maji ya kunawa. Lakini tusidhani kuwa Uingereza ilikosa mali. Vitu vingi vilikwisha kununuliwa na kusafirishwa. Tatizo lilikuwa katika njia ambayo kitu kilipita kutoka ghalani mpaka mkononi mwa askari.

Kanuni ilisema kila askari aje hospitali na shanta yake yenye mashati na vyombo vya kulia. Askari hao walikuwa wameamriwa na wakubwa wao kuziacha shanta walipotua Crimea. Hata hivyo mkuu wa ghala la hospitali alishika kanuni: shati halitolewi, kwani askari anapaswa kuwa nalo. Mizigo iliyoletwa na meli ilikaa ikiwa imefungwa mpaka baraza la ukaguzi likutane na kuidhinisha ifunguliwe. Kule mbele vitani, shehena ya maji ya ndimu iliyoletwa kutibu kiseyeye ilikaa wiki nyingi bila kugawiwa, kwa kuwa ndimu haikutajwa katika orodha ya posho ya kila siku. Askari walipewa kahawa mbichi, haijakaangwa wala kusagwa, wakiwa katika baridi kali isiyo na kuni. Msomaji aliyekulia Bugisu au Masaka, kwenye mashamba ya kahawa, anaelewa vizuri zawadi hiyo ilimfaa nini mtu aliyekuwa akitetemeka.

Tunaomba wasomaji wetu watambue kuwa hao wakuu wa ghala hawakuwa wezi. Aghalabu walikuwa watu waaminifu waliolelewa katika hofu. Walijua kuwa ofisa aliyetoa blanketi bila sahihi huadhibiwa, na ofisa aliyeacha mtu afe kwa baridi, hali karatasi zake zi safi, haulizwi neno. Shirika hupata kile linachokiadhibu na kile linachokisamehe.

Bibi Nightingale alikuwa na fedha zilizochangwa na wasomaji wa gazeti la The Times, pamoja na zake mwenyewe. Alinunua sokoni Constantinople mashati, soksi, sahani na sabuni. Alipanga nyumba, akaweka majiko ya kuchemshia maji, akawaajiri wake za askari kufua nguo za wagonjwa. Alikodi mafundi kukarabati wadi zilizobomoka kabla ya meli nyingine za wagonjwa kufika. Kila kitu alikiandika: kimetoka wapi, kimekwenda kwa nani, kwa idhini ya daktari gani. Kwa hiyo wakubwa walipomshtaki kuwa anavunja taratibu, hesabu zake zilikuwa safi kuliko zao.

Liko tendo lake jingine ambalo askari hawakulisahau. Maofisa wengi waliamini kuwa askari wa kawaida ni mlevi kwa maumbile, na ukimpa mshahara ataumalizia kilabuni. Yeye aliuliza: je, ana njia gani ya kuupeleka kwao? Akaanza kupokea fedha za wagonjwa na kuzituma Uingereza. Baadaye Serikali ilifungua ofisi za kazi hiyo, na katika muda usiotimia miezi sita askari walituma makwao paundi 71,000. Zilifunguliwa pia nyumba ya kahawa na vyumba vya kusomea, na ulevi ukapungua. Watu walikuwa ni wale wale, na mshahara ule ule. Kilichobadilika ni kwamba walifunguliwa mlango.

HESABU ILIYOMHUKUMU MWENYEWE

Licha ya juhudi hizo zote, katika majira hayo ya kwanza ya baridi askari wapatao 4,000 walikufa Scutari, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, kipindupindu na homa. Mwezi Februari, 1855, walikufa wagonjwa kiasi cha 42 katika kila 100. Mwezi Machi ilifika Tume ya Usafi kutoka London. Iliona kuwa jengo lilikaa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba, na kwamba maji ya kunywa yalipita juu ya mzoga wa farasi. Tume iliamuru mifereji isafishwe, taka ziondolewe kwa mamia ya mikokoteni na vikapu, kuta zipigwe chokaa, na madirisha yapitishe hewa. Kufikia Juni vifo vilishuka mpaka wagonjwa kiasi cha wawili katika kila 100.

Bibi Nightingale aliugua sana huko Crimea mwezi Mei, 1855, na afya yake haikurudi tena kamili. Vita vilipokwisha, alirejea kwao Agosti, 1856, kwa jina la kuazima, akikwepa mapokezi na bendi zilizomngojea. Tayari alikuwa shujaa wa taifa zima, na angaliweza kustarehe katika sifa hiyo. Badala yake aliketi na bingwa wa takwimu, Bwana William Farr, kuzipitia hesabu za vifo.

Hapo ndipo tunapouona ukubwa wake. Mpaka wakati huo aliamini kuwa askari walikufa hasa kwa sababu ya njaa, uchovu na kufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa. Hesabu zilisema vingine. Waliopelekwa Scutari walikufa kwa wingi kuliko waliotibiwa katika hema za vikosi vyao. Jengo alilolitumikia usiku na mchana, kwa taa na kwa machozi, ndilo lililokuwa likiua. Bidii yake ilikuwa ya kweli, lakini ilielekezwa kwenye shati na supu, ilhali kifo kilikuwa kikipanda kutoka chini ya sakafu.

Kiongozi mdogo angeyafungia maandishi hayo sandukuni. Yeye aliyatumia kama silaha. Alichora takwimu kwa duara zenye rangi, ili hata waziri asiyependa tarakimu aone kwa macho. Alionyesha kuwa kati ya Waingereza wapatao 21,000 waliokufa katika vita hivyo, zaidi ya 16,000 waliuawa na maradhi. Akaonyesha pia kuwa hata wakati wa amani, vijana waliochaguliwa kwa afya yao wakawekwa kambini walikufa karibu mara mbili zaidi ya raia wa umri wao.

Tume ya Kifalme iliundwa mwaka 1857, Bwana Herbert akiwa mwenyekiti. Mwanamke hakuruhusiwa kuwa mjumbe, kwa hiyo aliwaandikia wajumbe hoja na hesabu akiwa chumbani mwake. Matokeo yake kambi zilijengwa upya zenye hewa na maji safi, ikaanzishwa idara ya takwimu za afya ya jeshi, na mwaka 1860 chuo cha madaktari wa jeshi kikafunguliwa. Mwaka huo huo fedha zilizochangwa kwa heshima yake zilianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Alishughulikia pia kambi za Uhindi, ambako vifo vya askari wa Kiingereza vilishuka kutoka 69 mpaka 18 kwa kila askari 1,000 kwa mwaka.

Hatusemi kuwa hakuwa na kasoro. Alikuwa mkali, na aliwachosha wasaidizi wake. Bwana Herbert alipokuwa mgonjwa mahututi, aliendelea kumhimiza kazini kana kwamba mwili wake ni wa chuma, naye akafariki mwaka 1861. Aliyehesabu vifo vya maelfu alishindwa kuona uchovu wa rafiki mmoja aliye mbele yake. Hilo nalo ni funzo kwa wenye amri.

MWISHO WAKE

Alifariki London tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Miaka mitatu kabla alikuwa amepewa nishani kubwa ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kupewa. Taifa lilitaka kumzika katika Westminster Abbey pamoja na wafalme, lakini jamaa zake walifuata wosia wake wa kutofanyiwa makuu. Alizikwa katika kijiji cha East Wellow, na kaburini mwake ziliandikwa herufi mbili tu za jina lake, pamoja na miaka.

Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kusoma ramani, kupanga doria na kutoa amri. Daftari la wagonjwa, daftari la ghala na orodha ya mishahara tulidhani ni kazi za makarani. Maisha ya Bibi huyu yanatukosoa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Scutari inatuonyesha kuwa watu nao, bila daftari, hupotea bila habari. Kila mkuu wa kituo au kikosi anaweza kujiuliza jioni ya leo: wangapi wameugua mwezi huu, kwa ugonjwa gani, na katika bweni lipi? Ghalani mwetu mna nini ambacho askari anakihitaji na hakimfikii? Na hesabu zikitulaumu sisi wenyewe, je, tutazifungia sandukuni?

Jeneza lake halikubebwa na mawaziri wala majemadari. Lilibebwa na masajini sita wa jeshi.