Benito Mussolini (1883–1945) na Sera ya Uvamizi

Mtahiniwa, ukiulizwa chanzo cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, usiishie kwa Hitler. Mfuatilie pia Mussolini, kwani uvamizi wake ulionyesha mapema jinsi Shirikisho la Mataifa lilivyokuwa dhaifu.

Alizaliwa Predappio, Italia, mwana wa mhunzi na mwalimu. Alifundisha shule kwa muda, kisha akawa mhariri wa gazeti la chama cha kisoshalisti. Mwaka 1914 alifukuzwa chamani kwa kutaka Italia iingie vitani. Alianzisha kundi la kifashisti mwaka 1919. Oktoba 1922 wafuasi wake walipoandamana kwenda Roma, mfalme alimpa uwaziri mkuu. Baadaye alivipiga marufuku vyama vingine.

Sasa zingatia sera yake ya nje. Aliwaahidi Waitalia fahari ya Roma ya kale, na alitaka kulipiza kisasi cha Adowa, ambako Waethiopia waliishinda Italia mwaka 1896. Tarehe 3 Oktoba 1935 aliivamia Ethiopia bila kutangaza vita. Majeshi yake yalitumia ndege na gesi ya sumu. Mwaka 1936 Mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva kudai haki mbele ya Shirikisho la Mataifa. Hakuipata. Vikwazo viliwekwa, lakini mafuta hayakuguswa, na Mfereji wa Suez haukufungwa. Uingereza na Ufaransa ziliogopa kumsukuma Mussolini upande wa Hitler.

Waliloliogopa ndilo lililotokea. Oktoba 1936 aliungana na Hitler katika Mhimili wa Roma na Berlin, na wote wawili wakamsaidia Franco nchini Hispania. Mwaka 1937 alijitoa katika Shirikisho. Aprili 1939 aliiteka Albania, na Mei akatia saini Mkataba wa Chuma na Ujerumani.

Aliingia vitani Juni 1940. Mwaka 1941 Ethiopia ilikombolewa. Miongoni mwa waliopigana walikuwamo askari wa Afrika Mashariki wa kikosi cha KAR. Mussolini aling'olewa madarakani Julai 1943, na tarehe 28 Aprili 1945 wapiganaji wa Kiitalia walimpiga risasi.

Kumbuka: tarehe pekee hazitoshi. Onyesha jinsi kila uvamizi usiozuiwa ulivyozaa mwingine.

Swali la kujipima: Eleza jinsi uvamizi wa Ethiopia ulivyolidhoofisha Shirikisho la Mataifa.