Ford Harris, fundi aliyepiga hesabu ya mzigo wa kuagiza

KILA mwenye duka la pembejeo anazijua hasara mbili. Akiagiza mzigo mdogo, nauli na kukodi gari vinammaliza. Akiagiza mkubwa, mtaji unalala stoo na panya nao wanachukua fungu lao.

Aliyezipatanisha hasara hizo kwa hesabu na kuichapisha hakuwa profesa wala mwenye benki. Ni Mmarekani Ford Whitman Harris, aliyezaliwa mwaka 1877 katika mji wa Portland, jimbo la Maine. Elimu yake ya darasani iliishia sekondari. Uhandisi aliujifunza kazini, hadi akaajiriwa na Westinghouse, kampuni kubwa ya mitambo ya umeme.

Viwandani tatizo lilikuwa lile lile la dukani. Kabla ya kutengeneza aina fulani ya kipuri, mashine husimamishwa na kutegeshwa upya. Muda huo fundi analipwa lakini hakuna kinachotoka. Kwa hiyo wasimamizi walipenda kutengeneza vipuri vingi kwa mkupuo mmoja ili gharama ya kutegesha igawanyike. Vipuri hivyo vikakaa ghalani miezi, na fedha iliyofungwa humo ikawa haizai.

Februari 1913, jarida la Factory lilichapa makala yake fupi iliyouliza vitengenezwe vipande vingapi kwa mara moja. Upande mmoja Harris aliweka gharama ya kutegesha mashine. Upande wa pili aliweka asilimia 10 ya thamani ya mali iliyolala kwa mwaka, kufidia riba na uchakavu. Mkupuo ukiwa mkubwa, gharama ya kwanza hupungua na ya pili hupanda. Nafuu iko pale zinapolingana.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Tuseme duka linauza mifuko 1,000 ya chakula cha kuku kwa mwaka, bila kupanda wala kushuka sana. Safari moja ya kufuata mzigo, pamoja na gari, wapakiaji na siku ya kufunga duka, inagharimu Sh45,000. Kuuweka mfuko mmoja mwaka mzima, ukihesabu riba, pango na kuharibika, ni Sh9,000.

Kanuni inasema zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya safari moja, kisha zidisha kwa mbili. Gawanya kwa gharama ya kuhifadhi mfuko mmoja, halafu tafuta kipeuo cha pili. Unapata mifuko 100.

Maana yake ni safari 10 kwa mwaka, yaani Sh450,000. Stoo inakuwa na wastani wa mifuko 50, ambayo nayo inakula Sh450,000. Jumla ni Sh900,000. Anayeagiza mifuko 50 kila mara atatumia Sh1,125,000, na anayeagiza 200 atatumia kiasi hicho hicho. Wa kwanza amemlipa mwenye gari, wa pili amelipa kwa mtaji kulala.

Uzuri wa hesabu hii, ambao wengi hawauoni, ni kwamba haiadhibu kosa dogo. Ukiagiza mifuko 120 badala ya 100, gharama inaongezeka kwa Sh15,000 tu kwa mwaka mzima. Hivyo makisio ya mwenye duka anayejua soko lake yanatosha. Hahitaji kukesha akitafuta senti.

Baadaye Harris alihamia Los Angeles na kuwa wakili wa hataza, akiwasaidia wavumbuzi kusajili haki ya kazi zao. Wakati huo kazi yake mwenyewe ilikuwa ikipata majina mengine. Mwaka 1934 mshauri wa biashara R. H. Wilson aliandika kuhusu hesabu hiyo katika jarida la Harvard Business Review na kuieneza viwandani, nayo ikaitwa kanuni ya Wilson. Wajerumani wakaipa jina la Andler.

Zilipokuja kompyuta, ikaingizwa katika programu za kupanga mahitaji ya malighafi. Joseph Orlicky, aliyefanya kazi katika kampuni ya matrekta ya J. I. Case kabla ya kujiunga na IBM, aliandika mwaka 1975 kitabu kilichozieneza programu hizo. Alionyesha kwamba hesabu ya Harris inafaa pale tu bidhaa inapotoka kwa mwendo mmoja.

Hapo ndipo wengi waliofungiwa programu dukani wanapoumia. Programu inapopendekeza mzigo wa kununua, inafuata kanuni iliyowekwa kwenye kila bidhaa, na usipoichagua wewe itatumia ile iliyokuja nayo. Chakula cha kuku kinauzwa mwaka mzima, kwa hiyo kinafaa kiasi maalumu kama ile mifuko 100. Mbolea ya kupandia inatoka kwa wiki chache za msimu, na hiyo iwekwe iagizwe kulingana na mahitaji tu. La sivyo mvua zikikatika utabaki na shehena ya kukaa nayo hadi msimu ujao.

Kuna pia kiwango cha chini anachokubali muuzaji wa jumla, na mafungu. Vifaranga huja kwa boksi la 100; usipoiambia programu hivyo, itakupendekezea 137 bila aibu. Dawa zinazoisha muda ziwekewe kikomo cha juu, hata kama hesabu inadai zaidi.

Harris alifariki mwaka 1962. Makala yake ilikuwa imepotea machoni pa wataalamu, na waliomtaja walikuwa wakinakiliana kumbukumbu zisizo sahihi, wakielekeza kwenye kitabu cha 1915. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti wa Los Angeles, Donald Erlenkotter, aliitafuta hadi akaipata, na mwaka 1990 ikachapwa upya katika jarida la kitaalamu. Hata hivyo, baadhi ya vitabu bado vinaiita kanuni ya Wilson.