Paul Mboya wa Karachuonyo: Mchungaji, Chifu na Mwandishi

Jina la Mboya litajwapo nchini Kenya, fikra za wengi humwendea Tom Mboya, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1969 na kuzikwa kisiwani Rusinga. Yupo Mboya mwingine aliyemtangulia, mtu wa Karachuonyo katika kaunti ya leo ya Homa Bay, ambaye sifa zake huvuma zaidi miongoni mwa wasomaji wa Dholuo. Huyu ni Paul Mboya: mchungaji, chifu, katibu wa halmashauri ya wilaya na mwandishi. Vyeo vile vitatu vya kwanza havina budi kutangulia, kwani uandishi wake haukuwa kimbilio la kupumzikia baada ya kazi. Ulichipuka kazini humo humo.

Waadventista walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baada ya miaka michache wakaanzisha kituo cha elimu Kamagambo, katika Migori ya leo. Kiongozi wao wa mwanzo, Arthur Carscallen kutoka Kanada, aliandika sarufi ya Dholuo, na Gendia ikapata mtambo wa kupiga chapa. Mazingira hayo yana uzito kwa anayechunguza chanzo cha mwandishi huyu. Hapo lugha ya nyumbani ilikuwa imekwisha kuonekana katika maandishi, na kijana aliyejua kusoma hakuhitaji kushawishiwa kwamba yaweza kubeba kitabu. Hata hivyo, misheni hiyo hiyo ilihubiri dhidi ya pombe, ndoa za wake wengi na ibada za mizimu. Mboya akawa mchungaji wake.

Mwaka 1938, akiwa chifu wa Karachuonyo, alitoa *Luo Kitgi gi Timbegi*, kitabu kinachoeleza mila na desturi za Wajaluo. Mwaka huo huo Jomo Kenyatta alichapisha *Facing Mount Kenya* huko London. Vitabu hivyo viwili ni pacha wasiofanana. Kenyatta aliandika kwa Kiingereza, baada ya kuhudhuria mafunzo ya Malinowski, akijibu hoja za Wazungu kuhusu Wagikuyu. Mboya aliandika kwa Dholuo, akiwaeleza Wajaluo mambo ya Wajaluo. Mwandishi chipukizi anayehangaika kuchagua lugha ya kuandikia angefanya vyema kuwaweka wawili hao bega kwa bega, kwani kila mmoja alikwisha kumjua msomaji wake kabla ya kuchagua lugha.

Maarifa yake aliyachota kwa wazee. Chifu wa enzi zile alikaa barazani akisikiliza kesi za mipaka ya mashamba, mahari iliyodaiwa na mirathi iliyozozaniwa, na kila kesi ilidai ufafanuzi wa desturi. Si ajabu basi kwamba kitabu chake kina mpangilio wa mtu aliyezoea kuamua mambo: utawala, vita, ndoa, vifo na mazishi, kila jambo mahali pake. Msomaji anayetafuta mbwembwe za lugha hazipati kwa wingi. Anapata maelezo ya moja kwa moja, na pengine huo ndio ufundi wenyewe.

Hapa pana utata ambao haufai kufunikwa kwa sifa. Mila alizozihifadhi Mboya zilikuwa zikidhoofishwa na kanisa alilolitumikia na serikali ya kikoloni iliyompa cheo. Alikuwa miongoni mwa waliolegeza kamba, na papo hapo akawa miongoni mwa walioandika jinsi ilivyosokotwa. Aidha, desturi iliyosemwa na mzee huweza kubadilika kwa hali ya shauri lililopo. Iliyochapishwa hubaki vile vile. Tangu kitabu kitoke, kimechapishwa tena na kugeuka kuwa hakimu: mzee wa leo akieleza jambo tofauti, huulizwa Mboya alisemaje. Tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Jane Achieng, ilitoka mwaka 2001.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kitabu chake kingine kina mvuto wa pekee nacho husahauliwa mno. Baada ya uchifu Mboya alikuwa katibu wa halmashauri ya South Nyanza, wilaya iliyojumuisha Homa Bay na Migori za leo pamoja na nchi ya Wakisii. Mwaka 1959 shirika la East African Literature Bureau lilichapisha *Utawala na Maendeleo ya Local Government South Nyanza 1926-1957*. Wilaya hiyo ilikuwa na Wajaluo, Abagusii, Abakuria na Abasuba. Dholuo isingewafikia wote. Mwandishi aliyeshikilia lugha ya mama mwaka 1938 alichukua Kiswahili mara hadhira yake ilipopanuka, huku akiacha maneno mawili ya Kiingereza katikati ya jina la kitabu, kama karani yeyote wa zama zile.

Mwaka 1978, miaka arobaini baada ya kitabu cha kwanza, ilitoka *Richo ema Kelo Chira*. Chira ni dhara limpatalo mtu kwa kuvunja mwiko wa jadi. *Richo* ni dhambi, neno la mimbarini. Jina hilo lasema kwamba dhambi ndiyo iletayo chira. Mchungaji na mhifadhi wa mila, waliokuwa wakivutana tangu Gendia, wanakutana katika sentensi moja.