Carl Wunderlich: Daktari aliyeipa homa nambari

Mlipuko wa Ebola ulipotangazwa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tarehe 1 Agosti 2018, nchi jirani ya Sudan Kusini iliimarisha uchunguzi mipakani. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, wasafiri walipimwa joto la mwili walipowasili. Kifaa kidogo kilichoelekezwa kwenye paji la uso kilitoa nambari, na nambari hiyo iliweza kumfungulia mtu njia au kumtenga kwa uchunguzi zaidi.

Aliyeipa nambari hiyo maana katika tiba ni daktari wa Kijerumani aliyefariki karibu karne moja na nusu iliyopita.

Carl Reinhold August Wunderlich alizaliwa tarehe 4 Agosti 1815 katika mji wa Sulz, kando ya mto Neckar, kusini mwa Ujerumani, na kusomea udaktari Tübingen. Enzi hizo tabibu aliitambua homa hasa kwa kuweka kiganja juu ya ngozi ya mgonjwa na kuhesabu mapigo ya moyo. Kipimajoto kilikuwapo, kwani Santorio wa Italia alikwisha kujaribu kupima joto la watu mapema katika karne ya 17, lakini hospitalini kilitumika kwa nadra.

Mwaka 1850 Wunderlich alihamia Leipzig kuwa profesa na mkuu wa kliniki. Huko alianzisha utaratibu wa kuwapima wagonjwa joto kila siku na kuandika kila kipimo. Kazi hiyo ilidai subira. Vipimajoto vya zebaki vya wakati huo vilikuwa na urefu wa takriban sentimita 30, na vilikaa kwapani dakika 15 hadi 20 kabla ya kusomwa.

Mwaka 1868 alichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wapatao 25,000. Alitaja nyuzi 37 za Selsiasi kuwa wastani wa joto la mtu mwenye afya, na nyuzi 38 kuwa mpaka ambao ukivukwa huashiria homa. Alionyesha kwamba joto hushuka alfajiri na kupanda kuelekea jioni, na kwamba magonjwa kama homa ya matumbo huwa na mwenendo wake, unaoonekana vipimo vinapochorwa kwenye chati. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba homa ni dalili, wala si ugonjwa wenyewe.

Fundisho hilo lina uzito mkubwa Sudan Kusini, ambako malaria ni chanzo cha kawaida cha homa. Msafiri mwenye joto la juu huenda asiwe na Ebola kabisa. Kinyume chake, aliyeambukizwa Ebola anaweza kukaa siku 2 hadi 21 bila dalili yoyote, na akapita bila kutambuliwa. Isitoshe, kifaa kisichogusa mwili husoma joto linalotoka kwenye ngozi, ambalo hubadilika kwa jua kali, jasho au upepo wa kiyoyozi. Ndiyo maana wahudumu wa afya huwauliza pia wasafiri walikotoka na waliokutana nao.

Wunderlich mwenyewe hakumhukumu mgonjwa kwa kipimo kimoja. Alifuata mabadiliko siku baada ya siku. Vifaa vyake viliboreshwa baadaye: katika miaka ya 1860 Mwingereza Thomas Clifford Allbutt alibuni kipimajoto kifupi kilichotoa jibu kwa dakika 5. Hata ule wastani umesahihishwa, kwani uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1992 ulipata nyuzi 36.8.

Wunderlich alifariki Leipzig tarehe 25 Septemba 1877, akiwa na umri wa miaka 62. Chati ya joto kando ya kitanda cha mgonjwa ni urithi wake, pamoja na onyo lililomo ndani yake: nambari moja huanzisha uchunguzi, haiukamilishi.